Mashine Mbili Zinazongojana

Wanangu wananiambia: mama, acha hasira ipoe kwanza, kisha uandike. Nimekataa. Bukari, ugali wetu, ikipoa inakuwa jiwe, na maneno yakipoa hayamuumi tena aliyestahili kuumwa. Kwa hiyo ninaandika yakiwa moto, kwa herufi zangu kubwa za madarasa matatu ya shule ya mapadre. Anayetaka kucheka mwandiko wangu acheke akishamaliza kusoma.

Nyumba yangu iko mtaa wa Kampemba, kwenye barabara inayopanda kidogo, na kiwanja changu kiko juu kuliko vyote. Kwa ajili ya huo urefu, kampuni ndogo ya kuleta internet ilikuja kuniomba nafasi ya kusimamisha mlingoti wa chuma. Ofisi yao iko nyuma ya ukuta wangu, katika nyumba ya ghorofa ya mtu mmoja ambaye alikataa kabisa mabati yake yatobolewe. Basi mlingoti ukasimama kwangu, karibu na jiko la nje. Chini yake, katika kile chumba nilichokuwa naweka magunia ya mahindi yanayotoka kijijini Lukafu, wakafunga kabati la chuma. Ndani ya kabati kuna sanduku bapa lenye matundu mengi mbele na taa ndogo za kijani. Wanaliita swichi. Swichi ya pili, ndugu yake, iko kule ofisini. Waya ulitoka kwa moja, ukapita juu ya ukuta, ukaingia kwa nyingine, na kupitia waya huo shule, zahanati, duka la dawa na nusu ya barabara yetu walipata internet.

Mchungaji wa hiyo swichi yangu alikuwa mjukuu wangu. Mama yake analima Lukafu. Alinitumia huyu msichana akiwa na miaka kumi na miwili ili asome mjini, na mimi nikamlea. Alisoma kazi hiyo ya mitambo miaka mitatu, akiamka na jogoo, akila sombe yangu, majani ya mihogo, bila kulalamika hata zile siku haina mafuta. Kampuni ikamchukua kwa majaribio ya miezi sita. Miezi sita ilikuwa inaisha Ijumaa ya wiki hii ninayoisimulia. Ijumaa hiyo ndiyo ingesema kama anabaki kazini au anarudi kukaa nami akipepeta maharagwe na diploma yake ukutani.

Sasa, ule waya mmoja ulikuwa unakatika. Malori ya mchanga yanapita karibu na ukuta, mzigo umepanda juu kama kanisa, na mara mbili yaliukokota waya yakaondoka nao. Kila ukikatika, barabara nzima inakuwa gizani, si giza la taa, giza la hizo simu zao. Wakaamua kuongeza waya wa pili na kuufunga na wa kwanza, ili mbili zifanye kazi kama mmoja, na mmoja ukikatika mwingine ushike. Wazo zuri, silikatai. Hata kamba ya kisima tunasuka nyuzi zaidi ya moja.

Jumatatu ingénieur wao mkuu, yaani mhandisi, akaandika karatasi mbili za maagizo, wao wanasema fiche. Moja akampa mjukuu wangu kwa mashine ya kwangu, nyingine akabaki nayo kwa mashine ya ofisini. Ni mwanaume mwenye viatu vya ncha ndefu, anayetembea akishika tai yake kama mtu anayeogopa itaibiwa. Saa nne wakaanza kazi, kila mmoja upande wake. Saa nne na nusu internet ikafa.

Haikufa kidogo. Ilikufa yote. Nikamsikia ingénieur anapiga kelele juu ya ukuta, mbele ya majirani na wapita njia:

"We mutoto! Unafanya nini kule? Mashine yangu iko sawa! Angalia waya zako!"

Mjukuu wangu akaangalia. Akachomoa, akachomeka, akaangalia tena. Taa za yale matundu mawili yenye waya zilibaki zimelala.

Ilipofika mchana, mlangoni pangu palikuwa na watu. Mwalimu mmoja alitaka kupeleka alama za watoto. Mama wa duka la dawa alikuwa ameshika simu juu kama anayetafuta mvua. Na yule mama muuza mitumba wa upande wa pili, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa tangu alipozaliwa, akanipigia kelele, akiniita kaku, bibi, kama wote:

"Kaku! Turudishie internet yetu! Uliificha mu nyungu?"

"Iko mu nyungu, inaiva na sombe," nikamjibu. "Ingia ukule, ila leta samaki yako!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu sikujua bado kwamba kuna kesi. Kesi niliijua jioni, mjukuu wangu aliporudi kutoka ofisini bila kunisalimia. Ingénieur alikuwa amemwambia patron, mwenye kampuni, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba msichana hajui kazi, ameharibu, na kwamba Ijumaa hakuna haja ya kupoteza karatasi kumwandikia mkataba. Patron akatikisa kichwa kukubali, basi. Patron anayetikisa kichwa ni mbaya kuliko anayepiga kelele.

Jumanne alinisaidia kutwanga sombe. Alikuwa anapiga ule mwichi kana kwamba ndani ya kinu kuna mtu. Nikamwambia:

"Majani ile imekufa tayari. Nielezee sasa. Na usinielezee kifaransa."

Akapangusa jasho kwa kiwiko.

"Kaku, waya mbili kama hazifungwe pamoja vizuri, mashine inaona njia mbili, inachanganyikiwa. Njo maana swichi zile mbili zinapaswa kusemezana mbele, zikubaliane: hizi mbili tunazihesabu moja."

"Basi zisemezane. Nani anazikataza?"

"Njo hapo. Muntu anachagua namna ya kusemezana. Kuko actif: mashine inaanza yenyewe, inaita mwenzake, *niko hapa, tufunge?* Kuko passif: inangoja kuitwa. Ikiitwa, inajibu muzuri. Isipoitwa, inanyamaza. Tena kuko forcé: ile haiulize muntu, inafunga tu, hata kama mwenzake hajue kitu."

"Na kwetu hapa uliweka nini?"

"Passif. Ni fiche ilisema."

"Na kule ofisini?"

Akainamisha kichwa juu ya kinu. "Passif."

Nikashika mwichi wake ukiwa hewani.

"Zote mbili zinangoja kuitwa?"

"Zote mbili, kaku. Toka jana saa ine zinangojana."

Mtu anaweza kufikiri kwamba mwanamke wa umri wangu hawezi kuelewa mambo hayo. Niliyaelewa mara moja, bora kuliko ingénieur, maana niliyaona kwa macho yangu siku ya kuposwa kwangu.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, sisi ni Wakatoliki wa kaskazini. Bwana yangu alikuwa wa jamaa ya Waislamu ambao wazee wao walitoka Maniema, mafundi seremala. Kwetu, watu wa msichana hawafungui mdomo mpaka wageni waweke kitu chini, hata kuku, hata sahani ya chumvi, na waseme kilichowaleta. Kwa jamaa ya bwana yangu, mgeni anayetaja shida yake kabla mwenyeji hajamuuliza habari za kwao ni mtu aliyelelewa na mbuzi. Wakaingia saa saba, wanaume sita wenye kanzu nyeupe, wakaketi, wakanyamaza. Upande wetu nao wakanyamaza. Saa nane. Saa tisa. Mtu akakohoa, wote wakageuka kumtazama, akaona haya, akanyamaza zaidi. Na ujue kwamba kuku waliokuwa jikoni walichinjwa asubuhi ileile na mjomba wa bwana yangu mwenyewe, ili nyama iwe halali kwao. Maana yake hakuna hata mmoja pale ambaye hakujua kilichowaleta! Kuku wale wakakauka katika sufuria. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimevaa kitenge kipya, ninasikia ndoa yangu inakufa kwa heshima.

Aliyeiokoa ni shangazi yangu, mwanamke asiye na subira. Saa kumi na moja alitoka jikoni na mwiko mkononi: "Bantu ba kanzu, mulikuja kutuuzia mukeka? Iko wapi tuone?" Mzee mmoja wa kwao akasema, karibu alie machozi: "Mama, tulikuwa tunangoja mutuulize habari!" Na baba yangu: "Na siye tulikuwa tunangoja museme!" Nyumba nzima ikacheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Nilikaa na mwanaume huyo miaka arobaini na moja, mpaka Mungu alipomwita.

Lakini wale wanaume sita hawakurudi kwao kusema kwamba kosa ni la msichana nyuma ya pazia. Hapo ndipo damu yangu ilianza kuchemka.

"Ulimwambia ingénieur?" nikamuuliza mjukuu wangu.

"Kumwambia namna gani, kaku? Niliona ile fiche yake palepale kabla hatujaanza. Lakini eko mukubwa, na bantu balikuwa pale. Ningesema *papa, umekosa*, mbele ya bantu?"

"Na juu ya nini aliandika passif fashi yote, huku na kule?"

"Alishaungua. Mwaka ule mwengine aliweka forcé fashi fulani, network ikazunguka siku muzima, patron akamutukana. Toka pale anaandika passif kila fashi. Anasema passif haina fujo."

Haina fujo! Ni kweli, mtu aliyekufa pia hana fujo.

Nilimkasirikia ingénieur, na nilimkasirikia patron, lakini nitasema ukweli, usiku... hapana, si usiku, palepale kwenye kinu, nilijikasirikia mwenyewe. Nani alimfundisha huyu mtoto kwamba mkubwa hasahihishwi mbele ya watu? Nani alimpiga kofi akiwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu alimwambia katekista kwamba amekosea hesabu ya watoto wa komunyo? Na katekista alikuwa amekosea kweli. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, nikauita adabu, na majirani wakanisifu kwa kazi nzuri niliyofanya. Sasa mwanaume mwenye viatu vya ncha anakalia juu ya hiyo adabu kama kiti.

Jumatano hakuna aliyekuja. Waligeuza mambo ofisini kwao, wakazima na kuwasha, wakalaumu waya mpya, wakalaumu jua. Mjukuu wangu aliambiwa asiguse kitu. Yule mama wa mitumba alipita na kusema kwamba anasikia msichana wangu amekata waya makusudi kwa sababu ya mchumba. Mchumba gani? Wakati wa kumjibu utafika, nina orodha.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nje napepeta maharagwe, na mjukuu wangu anaanika nguo. Patron na ingénieur wakaingia. Wakaingia! Hakuna hodi, hakuna jambo mama. Walipita mbele ya ungo wangu kama unavyopita mbele ya kuku, wakaelekea kwenye chumba cha kabati.

"Hapa kuko mulango," nikasema, bila kuinuka. "Na mulango iko na mwenyewe."

Patron akasimama. "Kaku, utusamehe. Tuko na haraka kidogo."

"Haraka yenu ilikanyaga salamu yangu. Rudini mukamate haraka, muache salamu."

Nyinyi mnaosoma hamjui patron huyu ni nani kwangu. Mama yake na mimi tulikuwa tunaenda pamoja mpaka Kasomeno kutafuta mihogo mikavu, tukilala juu ya magunia katika lori moja. Jina lake la nyumbani, lile mama yake alikuwa anamwitia akilia, ninalo. La babu yake pia, na la mbwa wao. Majina yote ya watu wa habari hii ninayo, sijasahau hata moja, wala siandiki hata moja, ili kesho wasiseme kikongwe amewapeleka gazetini. Nilimtazama tu kwa yale macho ambayo mama yake angemtazama. Akarudi mpaka langoni, akapiga hodi kama mtu. Ingénieur akabaki palepale, anashika tai.

Tukaingia chumbani sote wanne. Ingénieur akafungua kabati, akapiga goti moja, akatazama waya, akazivuta kama anakamua ng'ombe. Kisha akamgeukia mjukuu wangu.

"Mademoiselle, kesho ni Ijumaa. Sema tu ulichanganya waya. Tutamaliza kwa amani."

"Hapana, papa," akasema mjukuu wangu, na akaishia hapo.

"Unaona, patron? Kiburi."

Neno moja, na papa ya heshima nyuma yake, na hiyo ni kiburi! Nilitaka kusema, lakini nikajizuia, nione atafika wapi.

"Basi," akasema ingénieur, "kama haitaki kwa upole, nitaenda kuweka forcé upande wa ofisi. Itafunga, ipende isipende."

Mjukuu wangu akafungua mdomo, akaufunga. Niliuona mdomo ule ukifungwa. Ingénieur akazunguka ukuta, na baada ya muda mfupi taa za swichi yangu zikaamka zote pamoja, zikaanza kuwaka na kuzimika kwa haraka kama meno ya mtu mwenye malaria. Feni ya ndani ikalia. Patron akarudi nyuma hatua mbili, akakanyaga mguu wangu.

"Nini hii? Nini hii?"

Hapo nikamshika mjukuu wangu mkono, nikamwambia mbele ya patron wake:

"Ile adabu nilikupatia, unirudishie leo. Utaikamata tena kesho. Sema."

Akanitazama kuona kama ni mtego. Haikuwa mtego. Akavuta pumzi, akasema kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti yake:

"Patron, mupigie simu ingénieur aondoe forcé, kabla mashine haijachoka. Anafunga waya mbili upande wake, na huku hatujakubali kufunga. Vitu vinazunguka tu ndani. Na shida ya mwanzo haiko waya. Fiche mbili ziko na neno moja. Huku passif, kule passif. Hakuna mwenye kuanza."

"Uliona toka lini?"

"Toka siku ya kwanza."

"Na juu ya nini hukusema?"

Nikajibu mimi.

"Ni juu alilelewa na adabu. Ungependa aseme mbele ya bantu ingénieur yako ni mujinga?"

Patron akapiga simu. Ingénieur akaondoa forcé yake, taa zikatulia, zile mbili zikalala tena. Mjukuu wangu akafungua ordinateur, kompyuta yake ndogo, akaiunganisha na swichi, akaandika. "Huku ninaweka actif," akasema. "Mwambie aache upande wake vile atakavyo, passif au actif, basi asiweke forcé tu." Patron akasema hayo kwenye simu. Tukangoja. Sikuhesabu hata mpaka kumi: taa mbili zile zikawaka kijani, pamoja, na kutulia. Simu ya patron ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe, barabara nzima inafufuka. Nje nilisikia yule mama wa mitumba akipiga vigelegele kama yeye ndiye aliyetengeneza.

Mngefikiri habari inaisha hapo. Ndipo ilipoanza kunichoma kweli.

Ingénieur akarudi kutoka ofisini, amepanua mikono, anacheka.

"Munaona sasa? Patron, mimi niliirudisha yangu passif, sawa vile ilikuwa siku ya kwanza. Sikubadilisha kitu. Na inatembea! Basi kosa ilikuwa upande gani? Upande wa mutoto."

Nimeishi miaka mingi, nimeona wizi wa kuku, wizi wa viwanja, hata wizi wa maiti kanisani, jamaa mbili zikigombania nani azike. Wizi wa namna hii sikuwa nimeuona. Mwanaume anachukua kazi ya mtoto mikononi mwake, ikiwa bado na moto, na kwa kazi hiyohiyo anamhukumu! Na mbaya zaidi, patron alianza kutikisa kichwa. Polepole, kama Jumatatu.

Fiche ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Nikaibandua. Mimi ninasoma polepole, kidole chini ya neno, na niliisoma vivyo hivyo, kwa sauti, wakanisikiliza wapende wasipende: "Swichi... ya... mulingoti. Mode... pa... ssi... f." Chini yake kuna sahihi yenye mkia mrefu. "Hii mukia ni ya nani?" nikauliza.

Ingénieur akaitazama kama anatazama mende.

"Kaku, fiche ni ya kuongoza tu. Muntu wa akili angebadilisha mwenyewe."

Sikilizeni hayo. Angebadilisha, angekuwa mkaidi asiyefuata maagizo. Akifuata, hana akili. Mlango wa kutokea haukuachwa hata mmoja kwa msichana huyu. Nilikuwa tayari kumwambia ingénieur mambo ambayo Padri angenipa kitubio cha mwezi mzima. Lakini mjukuu wangu alinitangulia. Hakupandisha sauti. Alisema:

"Patron, usiamini fiche. Usiniamini mimi. Uangalie taa."

Akaandika kwenye ordinateur. "Sasa nimeweka kama ingénieur aliandika. Passif." Taa mbili zikazimika. Nje, vigelegele vya mama wa mitumba vikakatika katikati. Simu ya patron ikalia. Alikuwa mtu wa zahanati. Patron akamwambia subiri. Mjukuu wangu akaandika tena. "Actif." Taa zikawaka. "Passif." Zikazimika. Simu ikalia tena. "Actif." Zikawaka. Alikuwa anamtazama patron, hata hatazami mashine. Vidole vyake vilijua.

"Inatosha," patron akasema. "Inatosha, mama, bantu banalia."

Alimwita mjukuu wangu mama. Nilisikia, na ingénieur alisikia.

"Upande wake kweli haikubadilika," akaendelea mjukuu wangu. "Iko vile ilikuwa siku ya kwanza, inangoja. Ile siku ilingoja, hakuna aliyeiita, juu na mimi niliambiwa kungoja. Leo nimeiita. Njo tofauti yote."

Patron akachukua fiche mkononi mwangu, akaisoma mara mbili, akamtazama ingénieur. Ingénieur akatazama dari. Dari yangu haina kitu, ni mabati tu na buibui.

"Na kesho utaweka nini?" patron akamuuliza mjukuu wangu.

"Actif huku, actif kule."

Hapo ingénieur akapata uhai. "Zote mbili? Zitapigana! Zote mbili zinaita!"

"Papa," akasema mjukuu wangu, "bantu babili bakisalimiana pamoja, banapigana?"

Patron akacheka mpaka akashika kabati. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nangoja neno moja litoke kwa yule mwanaume, neno dogo, pole, ambalo hata mtoto wa miaka miwili analijua akimwaga maji ya mwenzake. Halikutoka.

Patron alisema kwamba Ijumaa mkataba utaandikwa, na kwamba tangu sasa maagizo ya mashine za Kampemba ataandika mjukuu wangu, ingénieur atatia sahihi tu. Aliyasema haraka haraka, akitazama simu yake, kama anayeagiza chai. Ningependa ayaseme juu ya ukuta, kwa sauti ileile ya Jumatatu, mbele ya mwalimu na mama wa duka la dawa na yule wa mitumba. Aibu ilitangazwa barabarani, haki inanong'onwa katika chumba cha magunia. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Kaku, uko na haki," na hakuenda kwenye ukuta. Basi jioni nilienda mimi, nikapanda juu ya tofali, nikatangaza, na aliyekuwa na masikio alisikia.

Lakini hiyo ni jioni. Kabla hawajaondoka, mjukuu wangu aliketi kwenye meza yangu ya chumba cha kulia, kando ya ungo wangu wa maharagwe, kuandika fiche mpya mbili, moja ya mlingoti, moja ya ofisi. Patron nilimpa kiti na kikombe cha munkoyo, kwa ajili ya mama yake. Mjukuu wangu aliandika bila haraka, kwa mstari ulionyooka, kisha akazisogeza karatasi upande wa ingénieur, na kalamu juu yake. Ingénieur akageuka huku na huku akitafuta mahali pa kukaa. Viti vilikuwepo vitatu, vimeegemezwa ukutani, na alinitazama mimi mwenye nyumba, akingoja nimkaribishe, na mimi nikingoja lile neno dogo.

Alitia sahihi akiwa amesimama, ameinama juu ya meza, tai yake imeanguka ndani ya maharagwe yangu.